Posho ya Asiyecheza: Uchambuzi wa Kisa cha Klabu Moja ya Kusini Iliyorejea Uwanjani Wakati wa Korona

Kisa hiki na sababu ya kukiandika

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika ukanda wa Lindi na Mtwara kati ya Machi na Agosti 2020, wakati ligi za soka Tanzania ziliposimamishwa kwa sababu ya korona na kisha kuruhusiwa kuendelea. Jina la klabu, mji wake, daraja ililocheza na wapinzani wake vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa klabu, matabibu wanaohudumia timu na maofisa michezo wa halmashauri, kwa kuwa hao ndio watakaoulizwa tena, siku ugonjwa mwingine utakapotokea, kama mpira uendelee au usimame.

Mjadala wa swali hilo huelekezwa zaidi uwanjani: kama wachezaji wanaweza kuambukizana wakati wa kukabana, na kama mashabiki waingie au wabaki nje. Hayo ni maswali ya haki, lakini kisa hiki kinaonyesha kwamba uzito wa jambo uko kwa mchezaji aliyeamka na homa asubuhi ya safari, na kama anaweza kulisema hilo bila kukosa fedha ya kula na kulipia chumba. Naamini klabu ambayo haijajibu swali hilo haijawa tayari kurejea, hata ikiwa imenunua ndoo na vipimajoto vyote vilivyopo sokoni.

Usuli

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa mbunge wa Ruangwa mkoani Lindi, alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya watu kwa siku 30, na ligi za soka zikiwa miongoni mwa vilivyositishwa. Muda huo ukaongezwa. Wakati huo mataifa mengine yalikuwa yakichukua njia tofauti. Kenya, kupitia shirikisho lake la soka, ilifunga msimu tarehe 30 Aprili na kuitangaza Gor Mahia kuwa bingwa. Ufaransa ilifunga ligi yake siku hiyohiyo. Ujerumani ilirejea tarehe 16 Mei katika viwanja visivyo na watazamaji, na wachezaji wake wakipimwa mara kwa mara. Hapa nchini, tarehe 21 Mei, Rais John Magufuli alitangaza kwamba michezo ingeruhusiwa kuanzia tarehe 1 Juni, pamoja na kufunguliwa kwa vyuo na kidato cha sita. Ligi Kuu ilirejea tarehe 13 Juni, na madaraja ya chini nayo yakaendelea na ratiba zao.

Kusini kulikuwa na hamu ya pekee. Namungo ya Ruangwa ilikuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu na ilikuwa ikifanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia, ilhali Ndanda ya Mtwara ilikuwa ikipigania kubaki, jambo ambalo mwishoni halikuwezekana. Klabu ya kisa hiki haikuwa mojawapo ya hizo mbili. Ilikuwa ya daraja la chini, yenye wachezaji wenye mikataba lakini mishahara yake ilikuwa midogo na mara nyingi ilichelewa. Kipato chenyewe kilikuwa posho: ya mazoezi, ya safari na ya ushindi. Kwa desturi ya miaka mingi, posho ililipwa kwa aliyekuwapo. Aliyekosa mazoezi alikosa ya mazoezi, na ambaye hakupanda basi hakuwa na ya safari. Hakuna aliyeiona desturi hiyo kuwa mbaya, kwa sababu katika nyakati za kawaida ilisaidia kuzuia utoro.

Wachezaji walikuwa chini kidogo ya thelathini. Karibu nusu walikuwa wenyeji walioishi na wazazi au bibi zao. Waliobaki walitoka mikoa mingine na walipanga vyumba mtaani, wawili au watatu chumba kimoja. Fedha za klabu zilitoka mlangoni, kwa wanachama, na kwa mfanyabiashara mmoja wa korosho. Anayeijua mikoa hii ataelewa mara moja ugumu wa Juni: ni mwezi wa gharama, wakulima wananunua salfa na kupulizia mikorosho, na minada ya vyama vya ushirika bado iko mbali, hadi Oktoba. Mfadhili aliyekuwa mkarimu mwezi Desemba hana mkono mwepesi mwezi Juni.

Kwa upande wa afya, klabu ilimtegemea tabibu mmoja, mtumishi wa kituo cha afya aliyejitolea baada ya saa za kazi. Hakuwa na kipimajoto cha timu kabla ya Juni. Upimaji wa korona ulitegemea maabara ya taifa jijini Dar es Salaam, hivyo njia ya Ujerumani ya kumpima kila mchezaji hata asiye na dalili haikuwa chaguo kabisa. Ilibidi klabu iamue kwa kuangalia dalili na kusikiliza maneno ya wachezaji wenyewe.

Miezi ya kusimama

Machi ilipofika mwisho, uongozi uliwalipa wachezaji sehemu ya madai yao na kuwaambia warudi makwao. Wenyeji waliingia mashambani. Baadhi ya wageni walisafiri, lakini wengine hawakuwa na nauli, wakabaki katika vyumba vyao wakidaiwa kodi na kufanya vibarua. Aprili na Mei hakuna aliyelipwa chochote. Ramadhani ilipita katika hali hiyo. Jambo hili lilitajwa kwa sentensi moja tu katika kikao kilichofuata, kana kwamba lilikuwa maelezo ya pembeni, na hapo ndipo mzizi wa tatizo lote ulipokuwa.

Kikao cha kurejea na maamuzi yake

Kamati ilikutana siku chache baada ya Idi. Katibu alisema kwamba kanuni za ligi ziko wazi: timu isiyofika uwanjani hupoteza mchezo, na klabu iliyokaribia mkia haina pointi za kutupa. Mwanachama mmoja wa siku nyingi, mzee anayesikilizwa na wote, alipendekeza klabu iandike barua kuomba msimu wa madaraja ya chini usiendelee, kama ilivyofanyika Kenya. Alisema, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba hakuna kikombe kinacholingana na uhai wa mzazi wa kijana mmoja. Kamati haikumpinga kwa hoja. Ilimjibu tu kwamba barua ya klabu moja ndogo isingebadilisha uamuzi wa taifa. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, ila liliwaondolea wajumbe kazi ya kufikiri, kwa kuwa kuna mambo mengi kati ya kufuta msimu na kurudi kama kawaida.

Tabibu aliuliza swali ambalo wengine hawakuwa wamelifikiria. Aliomba kila mchezaji aandike anaishi na nani, umri wao, na kama kuna mwenye kisukari, presha au pumu. Orodha ilipokuja ilionyesha kwamba wachezaji wenyewe, vijana wenye afya, hawakuwa katika hatari kubwa, lakini nyumba za wenyeji zilikuwa na wazee. Beki mmoja wa pembeni aliishi na mama yake mwenye kisukari cha muda mrefu, naye aliomba asishiriki hadi hali itulie. Kamati ilimjibu kwamba mkataba wake ungeendelea kuwapo lakini asingepata posho. Wajumbe waliliona jibu hilo kuwa la upole.

Uamuzi ulikuwa kurejea kwa masharti. Joto lingepimwa kila siku kabla ya mazoezi. Kila mchezaji angekuwa na chupa yake ya maji yenye alama, badala ya kikombe kimoja kwenye dumu. Vizibao vya mazoezi visingebadilishwa kati ya mtu na mtu bila kufuliwa. Wanaolala chumba kimoja wangefanya mazoezi katika kundi moja na kukaa pamoja katika basi, ili mmoja akiugua ijulikane mara moja nani wamekuwa karibu naye. Madirisha ya basi yangekuwa wazi safari nzima. Mwisho, mwenye dalili yoyote abaki nyumbani na atoe taarifa. Sharti la mwisho ndilo lililobeba mengine yote, na ndilo pekee ambalo utekelezaji wake haukujadiliwa.

Kulikuwa pia na suala la mahali pa kuchezea. Mpango wa awali wa mamlaka ulikuwa kukusanya michezo ya Ligi Kuu iliyobaki Dar es Salaam na ile ya madaraja ya chini Mwanza, kisha ukabadilishwa na kurudishwa mfumo wa nyumbani na ugenini. Katibu alifurahi, kwa sababu gharama ya kambi ya Mwanza ingeimaliza klabu. Tabibu hakufurahi sana. Kwake kambi moja ilikuwa safari moja na watu walewale hadi mwisho, ilhali nyumbani na ugenini kulimaanisha kutoka na kurudi kwa bibi, kutoka na kurudi tena.

Mlangoni, mchezo wa nyumbani

Mashabiki waliruhusiwa kuingia kwa kuzingatia umbali. Klabu iliweka alama za chokaa kwenye ngazi za jukwaa, ikanunua barakoa kwa walinzi wa mlango na kuweka ndoo mbili za koki na sabuni. Maji yaliletwa kwa mkokoteni. Kiwanja kilikuwa na malango matatu, lakini moja tu lilifunguliwa, kwa sababu klabu haikuwa na watu wa kutosha kukusanya kiingilio katika yote.

Matokeo yake yalionekana dakika arobaini hivi kabla ya mchezo. Watu walisongamana mbele ya ndoo mbili kuliko walivyowahi kusongamana mbele ya mkatisha tiketi. Kifaa kilichowekwa kupunguza maambukizi kilikuwa kimezalisha msongamano mkubwa zaidi wa siku nzima, na ndani ya uwanja, kwenye alama za chokaa, kulikuwa na nafasi tele. Ofisa afya wa kata aliyekuwapo alishauri lango la pili lifunguliwe na ndoo zisogezwe hatua kadhaa mbali na mlango. Katibu alikubali, ingawa alijua kwamba baadhi ya watu wangepita bila kulipa. Ni haki kumpongeza kwa hilo, maana mapato ya siku ile ndiyo yaliyotegemewa kulipia basi la safari iliyofuata.

Wapo waliosema baadaye kwamba ilikuwa heri kuzuia mashabiki kabisa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mtu aliyezuiwa kuingia katika uwanja wa wazi, wenye upepo wa bahari, huishia kwenye kibanda umiza akitazama mechi nyingine, bega kwa bega na wenzake, mapazia yameshushwa. Ukifunga mlango mmoja ni lazima uangalie watu wanaelekea wapi.

Nangurukuru

Tukio lenyewe lilitokea katika safari ya kwanza ya ugenini. Winga mmoja aliamka usiku akiwa na homa na kikohozi. Chumba walilala watatu: yeye, kipa wa akiba na kiungo mmoja. Alfajiri alimeza panado. Alipofika kwenye basi alipimwa joto, kipimajoto kikaonyesha hali ya kawaida, jina lake likawekwa alama katika orodha ya posho, na basi likaondoka.

Kipa alivumilia kwa muda. Walipokuwa wameuvuka mji wa Lindi alimweleza nahodha. Nahodha hakumwendea meneja; alimpigia tabibu, aliyekuwa zamu kazini. Maneno yake, kama tabibu alivyoyaandika katika daftari lake, yalikuwa haya: «Dokta, shikamoo. Huyu mdogo wetu ana homa tangu usiku na ameshameza panado. Tufanyeje?»

Tabibu aliagiza mambo mawili: winga avae barakoa na asogezwe karibu na dirisha, na basi lisimame mahali ambapo wote watatu wa chumba kile wangeweza kushuka na kufikishwa kituo cha afya. Basi lilisimama Nangurukuru, njia panda ya Kilwa. Hapo kukawa na mabishano marefu. Meneja wa timu hakukataa winga ashuke. Alikataa wenzake wawili washuke, kwa kuwa hawakuwa na dalili na timu ingebaki bila kipa wa pili. Aliuliza, na swali lake halikuwa la kipuuzi, ni kwa msingi gani unamwondoa mtu mzima mwenye afya. Tabibu alijibu kwa simu kwamba mtu anaweza kuambukiza kabla ya kuonyesha dalili, na kwamba hao wawili wamelala hewa moja na mgonjwa usiku kucha. Kilichomaliza mabishano ni nahodha kusema kwamba asingepanda basi kama masharti waliyokubaliana yangevunjwa siku ya kwanza yalipohitajika. Watatu walishuka, katibu akatafuta gari la kukodi, na basi likaendelea. Kesho yake timu ilifungwa, ikiwa na wachezaji wachache benchini.

Kituoni winga alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, akakutwa nayo, akaanzishiwa dawa mseto. Habari hiyo ilipofika kwenye basi, wengine waliona kwamba pointi zimepotea bure. Tabibu alisimama palepale. Katika mikoa yenye malaria nyingi, alisema, kukutwa na vimelea hakuthibitishi kwamba kikohozi nacho kinatokana na malaria. Mtu anaweza kuwa na maradhi mawili. Watatu wakakaa kwa siku 14 katika nyumba ya mwanachama mmoja pembezoni mwa mji, wakipelekewa chakula. Katika siku hizo kiungo alipoteza uwezo wa kusikia harufu kwa muda, kisha akapona. Sampuli ya korona haikuchukuliwa kwa yeyote kati yao. Hakuna aliyezidiwa.

Kikao cha pili

Winga aliporudi, mwenyekiti alitaka aadhibiwe kwa kuficha. Nahodha aliomba kwanza asikilizwe. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alidaiwa kodi ya miezi mitatu, mwenye nyumba alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi, na posho ya safari ile ndiyo fedha ya kwanza ambayo angeipata tangu Machi. Aliongeza kwamba alijua beki aliyesema ukweli wa nyumbani kwao alikuwa amepewa nini.

Hapo kamati ikaelewa kwamba sharti la kutoa taarifa lilikuwa likishindana na sharti la kula. Ilibadilisha utaratibu: posho ya mazoezi na ya safari ingegawanywa kwa wote walio katika kikosi cha msimu, pamoja na aliyezuiwa kwa ugonjwa na aliyewekwa kando kwa sababu ya kuwa karibu na mgonjwa. Posho ya ushindi ingebaki kwa waliocheza. Kwa kuwa mfuko haukuongezeka, fungu la kila mtu lilipungua, na wachezaji watatu wakongwe walilalamika wazi kwamba wanagharimia wasiotoa jasho. Ilichukua jioni nzima kuwaridhisha, na sidhani kwamba wote waliridhika. Winga hakuadhibiwa.

Matokeo

Katika wiki mbili zilizofuata wachezaji wanne walitoa taarifa za dalili kabla ya mazoezi. Kabla ya hapo, tangu mazoezi yaanze, hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa taarifa. Wawili walikuwa na mafua ya kawaida kwa kadiri tabibu alivyoweza kuona, mmoja malaria, mmoja tumbo. Kila mmoja alikaa pembeni na wenzake wa chumba hadi tabibu aliporidhika, wakalipwa, wakarudi. Klabu ilimaliza msimu ikiwa imebaki katika daraja lake kwa tofauti ndogo ya pointi.

Beki hakurudi. Utaratibu mpya haukumgusa, kwa sababu hakuwa mgonjwa wala hakukaa na mgonjwa. Alikuwa tu mtoto wa mama mgonjwa. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kiwango.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni kupanga makundi kwa vyumba. Halikugharimu chochote, na ndilo lililowezesha kuwashusha watu watatu badala ya kuizuia timu nzima. Ulinganisho na Ujerumani unasaidia hapa. Mei 2020, klabu ya Dynamo Dresden ya daraja la pili ilipokutwa na maambukizi mapya, kikosi chote kiliwekwa karantini kwa siku 14. Ilirejea baada ya wenzake, ikalazimika kucheza michezo iliyobaki kwa kubanana, na mwisho wa msimu ikashuka daraja. Klabu hiyo ilikuwa na vipimo, madaktari na fedha. Klabu yetu haikuwa navyo, lakini ilijua nani analala na nani, na maarifa hayo yaliipa nafasi ya kuchukua hatua ndogo mapema. Pasipo vipimo, ramani ya makazi ya wachezaji ni chombo cha kwanza cha tabibu, nami naishangaa klabu inayojua ukubwa wa kiatu cha kila mchezaji na isijue anaishi na nani.

Kipimajoto, kwa upande mwingine, kilitoa utulivu usiostahili. Hakimtambui mwenye maambukizi asiye na homa, na paracetamol huishusha homa kwa saa kadhaa, muda unaotosha kabisa kwa mtu kupita mlangoni. Baada ya Nangurukuru tabibu aliendelea kupima, lakini aliongeza maswali matatu ya ana kwa ana: umelalaje, umemeza dawa yoyote, kuna mgonjwa nyumbani. Maswali hayo yalileta taarifa nyingi kuliko kifaa, na yalifanya hivyo kwa sababu jibu la kweli halikuwa tena na adhabu ya fedha.

Suala la malaria linahitaji uangalifu zaidi ya lililopewa siku ile. Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa ambayo homa, kwa mazoea, huitwa malaria hata kabla ya kipimo. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya ligi za Ulaya husema mwenye homa azuiwe, bila kufikiria mahali ambapo katika msimu mmoja nusu ya kikosi inaweza kupata homa kwa sababu nyingine. Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuzuia watu wengi mno hadi wachoke kutoa taarifa. Ya pili, iliyokaribia kutokea hapa, ni kuyachukua majibu ya malaria kama cheti cha kutokuwa na ugonjwa mwingine. Uamuzi wa tabibu wa kutibu malaria na papo hapo kuwatenga wote watatu ulikuwa sahihi, na ungekuwa sahihi hata kama kiungo asingepoteza harufu. Linaloongeza uzito wake ni mashaka ya madaktari wakati huo kwamba virusi vingeweza kuathiri misuli ya moyo, hivyo mchezaji aliyeugua hakupaswa kukimbizwa kabla hajapumzika na kurudishwa taratibu.

Kuhusu kambi moja au nyumbani na ugenini, hoja ya tabibu ilikuwa na nguvu kiafya, lakini kambi ya klabu maskini si kambi ya klabu tajiri. Kambi salama ni ile yenye chumba kwa kila mmoja au wawili, jiko lake na mlango unaolindwa. Kuwalaza vijana wanane katika ukumbi mmoja wa gesti ya mbali, kisha kuuita kambi, kungekuwa na hatari kubwa kuliko safari tatu za basi lenye madirisha wazi. Kwa hiyo mfumo uliotumika, ingawa ulichaguliwa kwa sababu za gharama, haukuwa mbaya kwa klabu hii. Ubaya wake uliwaangukia wazee wa nyumbani.

Hapo ndipo kasoro kubwa ilipo. Orodha ya tabibu ilionyesha hatari iko wapi, yaani kwa watu ambao hawakusaini mkataba wowote na klabu, na kamati iliisoma orodha hiyo kisha ikampa aliyeitikia kwa uaminifu zaidi adhabu ya kukosa posho. Kisingizio kilikuwa kwamba hakuna aliyemlazimisha kukaa nje. Lakini mtu anayechagua kati ya mama yake na chakula hajaachiwa hiari. Ingetosha kumlipa posho ya mazoezi tu na kumpa programu ya kujifua peke yake ufukweni, na gharama yake kwa mfuko ingekuwa ndogo kuliko ya kukodi gari lililowarudisha watatu kutoka Nangurukuru. Zaidi ya dhuluma kwa mtu mmoja, jibu alilopewa lilisomwa na wote kama tangazo. Winga alisema hivyo waziwazi.

Je, klabu ilifanya sawa kurejea? Kwa hukumu yangu ilirejea wiki tatu kabla ya kuwa tayari. Masharti ya kikao cha kwanza yalikuwa mazuri kiufundi, na mengi yake yangefaa kuigwa, ila yaliwekwa juu ya watu waliokaa miezi miwili bila shilingi. Kusimamisha mpira bila kumlipa mchezaji kulikuwa kumeandaa mazingira ya kuficha ugonjwa mpira utakaporudi. Wanaobishana kama ligi isimame au iendelee wanapaswa kuliona hilo: namna ya kusimama ndiyo inayoamua usalama wa kurudi. Mzee aliyetaka msimu ufutwe alikuwa na haki kuhusu thamani ya uhai, lakini kufuta msimu bila fedha ya kuwafuta jasho wachezaji kungewasukuma haohao kwenye vibarua vya sokoni na bandarini, ambako hakuna tabibu anayeuliza umelalaje.

Upungufu wa mwisho ulikuwa juu ya uwezo wa klabu. Katibu alijenga hoja yake yote juu ya hofu ya kupoteza mchezo kwa kutofika, na meneja kule njia panda aliongozwa na hofu hiyohiyo. Klabu haikuwa na njia nyepesi ya kusema kwamba ina wagonjwa na inaomba siku kumi. Kwamba jambo hilo linawezekana lilionekana Februari 2021, katika mashindano ya Afrika, pale Namungo ilipofika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto na mamlaka za Angola zikasema watu wanne wa msafara wamekutwa na maambukizi. Mchezo haukufanyika siku ile; baadaye shirikisho la Afrika lilielekeza michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam, na Namungo ikafuzu kwa kucheza. Ikiwa ratiba ya bara zima iliweza kusogezwa, ya daraja la chini la nchi moja inaweza pia, mradi kanuni iseme mapema ni nani anathibitisha ugonjwa na ni wachezaji wangapi wakiwa nje ndipo mchezo usogezwe. Ningependekeza uthibitisho huo uwe wa mganga mkuu wa wilaya, si wa tabibu wa klabu, ili pasiwe na shaka ya timu kukimbia mchezo mgumu.

Klabu ilipoandaa mikataba ya msimu uliofuata iliingiza kifungu kinachosema kwamba mchezaji aliyetoa taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza, au aliyetengwa kwa maelekezo ya tabibu, atalipwa posho ya mazoezi na ya safari kana kwamba alikuwapo. Pendekezo la tabibu la kuongeza maneno «au anayeishi na mtu aliye katika hatari kubwa» lilijadiliwa na kuahirishwa hadi mfuko utakaporuhusu.